Kansa ya maziwa: tuanze na wale tunaojua wako hatarini

Wiki iliyopita, baada ya kipindi cha asubuhi, mama mmoja alinisubiri nje ya mlango wetu hapa Muhumba. Ana miaka 38. Anatoka upande wa Minova, na tangu mwanzo wa mwaka huu analala na watoto wake wanne katika chumba kimoja cha jamaa iliyompokea. Nilifikiri amekuja kuuliza habari ya ugawaji wa unga, kama wengi. Hapana. Alikuwa na swali moja:

"Dada, mama yangu alikufa na kansere ya ziwa. Dada yangu mukubwa naye alikufa na ile ile. Mimi sisikie maumivu hata kidogo. Nikienda ku munganga, nimuambie naugua nini?"

Nilimwambia anipe siku chache niulizie. Ukweli ni kwamba sikujua nimtume wapi. Hospitali zetu zinajua kumpokea mtu aliyekwisha kuugua. Aliye mzima lakini anajua kwamba hatari iko ndani ya ukoo wake, hana mlango wa kugonga. Akifika na kusema haumwi, ataulizwa amekuja kufanya nini, na penginepo atalipishwa fishi ya bure.

Ndugu msikilizaji, hili ndilo nataka tuongee leo. Maoni yangu ni haya: hapa Bukavu hatupaswi kungoja siku tutakayokuwa na mashine ya mamografia kwa kila mwanamke. Tunaweza kuanza sasa na wale wachache tunaojua kwamba hatari yao ni kubwa kuliko ya wengine: tuwaulize, tuwaandike, tuwapime kila mwaka, na tukiona kitu tusiwaache wazungukezunguke. Na kazi hiyo ifanyike kwenye kituo cha afya cha kata, mwaka mzima, sio siku moja ya Oktoba yenye tisheti za rangi ya waridi.

Ya nyumbani kwangu

Sisemi haya kama mtu anayeangalia kutoka mbali. Mama yangu mdogo alikuwa na miaka 36 na alikuwa akinyonyesha mtoto wa mwisho aliposikia kitu kigumu ndani ya ziwa la kushoto. Hakikuuma. Alienda kwenye kituo kimoja cha hapa mjini, ambacho sitakitaja. Wakamwambia: "Ni maziwa imeganda, mama. Kanda na maji ya moto." Wakampa vidonge. Baada ya miezi mitatu akarudi, wakampa vidonge vingine.

Kilipozidi kukua, jamaa walianza kusema ni karuho, kwamba kuna mtu amempa sumu. Pesa ambayo ingelipa kipimo ikaenda kwa wenye dawa za miti, kwanza Kabare, halafu mbali zaidi. Aliporudi hospitalini ngozi ya ziwa ilikuwa kama ganda la chungwa na kidonda kimefunguka. Tulimzika mwaka 2016.

Kwenye matanga, shangazi mmoja mzee alisema polepole, kama mtu anayeongea peke yake: "Amekufa sawasawa na mama yake." Ndiyo mara ya kwanza nasikia. Sisi wajukuu tuliambiwa koko alikufa na "kidonda cha kifua". Hakuna aliyetamka kansa. Kwa hiyo mama yangu mdogo alibeba hatari hiyo maisha yake yote na hakuna aliyempa habari.

Mimi leo nina miaka 34 na watoto wawili wa kike. Nimefuata CPN kwa mimba zote mbili, sikukosa hata mara moja. Walipima damu, mkojo, uzito, tensheni. Waliniuliza kama nina kisukari. Hakuna aliyeniuliza: katika ukoo wenu, kuna mwanamke aliyekufa na ziwa? Swali hilo halihitaji mashine wala umeme. Linahitaji kalamu tu.

Nani yuko katika hatari kubwa

Tusichanganye mambo. Kila mwanamke anaweza kupata kansa ya maziwa, na hata wanaume hupata: katika wagonjwa 100, mwanaume huwa mmoja au hata hafiki mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa na ugonjwa huu duniani na watu 670,000 walikufa. Linasema pia kwamba karibu nusu ya wagonjwa hawana sababu nyingine inayojulikana isipokuwa kuwa mwanamke na kuongeza umri. Kwa hiyo asije mtu akasema: kwetu hakuna aliyekufa na kansa, basi mimi nimepona. Sivyo.

Lakini wako wengine ambao hatari yao inazidi sana. Mwanamke ambaye mama yake, dada yake au binti yake aliugua kansa ya maziwa, hatari yake ni karibu mara mbili ya mwingine. Wakiwa wawili au zaidi, au kama mmoja aliugua kabla ya miaka 50, inazidi tena. Kansa ya mayai ya uzazi katika ukoo ni alama nyingine. Vilevile mwanaume wa ukoo aliyeugua ziwa, au mwanamke aliyekwisha kutibiwa ziwa moja, au aliyepigwa miale ya matibabu kifuani akiwa kijana.

Sababu moja inayojulikana vizuri ni mbegu za urithi zinazoitwa BRCA1 na BRCA2. Kila mtu anazo, na kazi yake ni kutengeneza uharibifu ndani ya chembe za mwili. Zikirithiwa zikiwa na kasoro, kazi hiyo haifanyiki vizuri. Mwanamke mwenye kasoro hiyo ana uwezekano wa zaidi ya nusu kupata kansa ya maziwa katika maisha yake. Inatoka kwa mama au kwa baba. Watu wetu wanasahau upande wa baba: ukitaka kujua ukoo wako, uliza pia shangazi zako waliishaje na walikufaje.

Na tusiseme hayo ni magonjwa ya wazungu. Profesa Olufunmilayo Olopade, Mnaijeria anayefundisha Chicago, pamoja na wenzake, walichunguza wagonjwa wa Nigeria na wa Uganda. Katika nchi zote mbili, zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kumi alikuwa na kasoro ya kurithi ya namna hii. Uganda ni jirani yetu. Sioni kwa nini Kivu iwe tofauti sana.

Kwenye nchi tajiri, mwanamke wa namna hiyo anapimwa damu, anapigwa picha za sumaku kila mwaka tangu miaka 25 au 30, anaweza kupewa dawa ya kupunguza hatari, au akachagua kutolewa matiti kabla ya ugonjwa. Mwaka 2013 mwigizaji Angelina Jolie alitangaza kwamba amefanya hivyo. Sisi hatuko huko. Lakini kutokuwa na vyote si sababu ya kutofanya lolote.

Tunachoweza kufanya na mikono tuliyo nayo

Mjini Mumbai, India, tangu mwaka 1998, hospitali ya Tata Memorial iliwafuata wanawake zaidi ya 150,000 kwa miaka 20. Nusu yao walipimwa maziwa kwa mkono kila miaka miwili, na waliowapima si madaktari. Ni wafanyakazi wa afya wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: wagonjwa waligunduliwa mapema zaidi, na kwa wanawake wa miaka 50 na zaidi vifo vya kansa hiyo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya miaka 50 vifo havikupungua kwa kiasi kinachoonekana wazi, na hilo lazima tuliseme, maana huku Afrika karibu nusu ya wagonjwa ni wa umri huo. Ndiyo sababu kwa vijana wenye hatari ya ukoo mkono peke yake hautoshi. Inafaa ekografia iongezwe.

Hapa ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ilifungua kituo cha kansa cha Butaro, wilaya ya Burera, Julai 2012. Baadaye waliwafundisha wauguzi wa vituo vya afya vya wilaya hiyo kupima maziwa na kujua nani wa kutuma juu. Wagonjwa waliofika mapema wakaongezeka. Wauguzi hao hawana tofauti na wetu wa Ibanda au Kadutu.

Kinyume chake, kule Shanghai, China, waliwafundisha wanawake kujipima wenyewe, katika uchunguzi wa wanawake karibu 266,000. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba vifo havikupungua. Sisemi mwanamke asijue mwili wake. Ajue, na akiona mabadiliko aende mbio. Ila kumgawia karatasi yenye picha na kumwambia "ujipime" halafu kurudi nyumbani, hiyo si programu.

Kwa hiyo naona programu yetu iwe na mambo matano, yote madogo.

Kwanza, maswali matatu. Kwenye CPN, kwenye siku ya kupimisha watoto uzito, na kwenye kupanga uzazi, muuguzi aulize: Nani katika ukoo, wa mama na wa baba, aliugua ziwa au kidonda cha kifua? Alikuwa na miaka mingapi? Wewe mwenyewe umewahi kusikia kitu kigumu? Aulize kwa maneno ya watu. Ukisema "kansa", wengi watajibu hapana. Ukisema "kidonda cha kifua kisichopona" au "mwanamke ambaye walisema amerogwa ziwa", watakumbuka.

Pili, daftari. Wenye jibu la ndiyo waandikwe peke yao. Hawatakuwa wengi, na hapo ndipo gharama inawezekana. Kupiga picha wanawake wote wa Bukavu hatuwezi. Kuwafuata wachache wa kila kata, tunaweza.

Tatu, kupimwa kwa mkono wa muuguzi aliyefundishwa, mara moja kwa mwaka, tangu miaka 30. Madaktari wengi hutumia kanuni hii: ukitafuta kuanza vipimo, chukua umri ambao ndugu yako mdogo kuliko wote aliugua, toa miaka kumi. Mimi mama yangu mdogo aliugua na 36. Mimi kusubiri miaka 50 ni kusubiri kaburi. Kwa wenye ukoo mzito iongezwe ekografia, maana mashine za ekografia ziko katika hospitali na vituo kadhaa vya mji, na kwa wanawake vijana, ambao maziwa yao ni mazito, inaona vizuri.

Nne, njia fupi. Shirika la Afya Duniani linaomba kwamba kati ya siku mwanamke anapofika na tatizo na siku anapojua ni kansa au si kansa zisipite siku 60. Mama yangu mdogo alizunguka zaidi ya mwaka. Muuguzi akiona uvimbe, awe na karatasi ya kumtuma moja kwa moja kwenye hospitali kubwa, Panzi au Hospitali ya Jimbo, na awe na namba ya mtu wa kumpokea. Na kwa anayenyonyesha iwe sheria: ukimpa dawa ya ziwa lililoganda na wiki mbili zikapita bila kupona, usimpe vidonge vingine. Mtume apimwe.

Tano, wareko. Hao ndio wanaojua nyumba zetu. Wanajua nani amehama na nani amefika jana usiku. Wao wamkumbushe mwanamke tarehe yake, kama wanavyokumbusha chanjo.

Kwa waliokimbia

Sasa narudi kwa yule mama wa Minova, maana kwake kuna shida ya ziada. Ukoo ni kitabu, na vita vimekichana. Shangazi aliyejua nani alikufa na nini yuko kambini au amekwisha kufa. Fishi za hospitali zimeungua na nyumba. Mwanamke akipimwa hapa Ibanda, mwezi ujao anaweza kuwa Kalehe au ng'ambo ya mpaka.

Ndiyo maana naomba kila mwanamke aliyeandikwa apewe kadi yake mkononi, kama kadi ya chanjo ya mtoto: jina, waliougua katika ukoo na umri wao, tarehe ya kipimo, matokeo. Aifunge ndani ya plastiki na aiweke pamoja na kadi ya uchaguzi. Akifika pengine, munganga wa huko asianze sifuri. Na kabla hata kadi haijaja, ninyi jamaa mliotawanyika, pigeni simu. Muulizeni mzee aliyebaki. Andikeni kwenye daftari la shule la mtoto. Ni urithi pia, ijapokuwa si urithi wa shamba.

Najua mtakachosema

Wa kwanza atasema: dada, sisi tuna vita, tuna kolera, tuna mpox iliyotokea Kamituga, na wewe unatuletea ugonjwa ambao bado haujafika. Namuelewa. Lakini mambo haya hayamnyang'anyi mtu wa kolera kitanda. Ni maswali matatu na dakika kumi za mkono wa muuguzi yule yule, siku ile ile ya CPN. Na tukikosa kufanya hivyo, wanawake hao watafika tu, ila watafika na kidonda, na hapo ndipo gharama inakuwa kubwa kwa kila mtu.

Wa pili atasema: ukiwatia wanawake hofu halafu matibabu hakuna, umewasaidia nini? Hili ni neno zito kuliko la kwanza. Mashine ya miale hapa Bukavu hatuna. Mji ulipochukuliwa na M23 Februari 2025, banki zilifunga na uwanja wa Kavumu ukaacha kupokea ndege za abiria. Kwenda Kinshasa kukawa ni kupitia nchi ya watu. Miale iko Kigali, kwenye hospitali ya Kanombe, tangu 2019, lakini ni wangapi wanaweza kulipa? Mimi najibu hivi: ndiyo sababu tugundue mapema. Uvimbe mdogo unaweza kutolewa na daktari wa upasuaji hapa hapa. Na pale ambapo ugonjwa ni mdogo, mara nyingi kutoa ziwa lote vizuri kunaweza kumwepusha mgonjwa na miale. Uvimbe mkubwa ndio unaotaka yale tusiyo nayo. Hata hivyo nakubali: asiandikwe mwanamke hata mmoja kabla hatujajua nani atalipa ekografia yake na kipimo cha kukata kipande cha nyama. Kumpa mtu jina la ugonjwa bila njia ni kumtupa.

Hapo ndipo nageukia majirani zangu. Ukitembea Muhumba asubuhi unahesabu vibao vya mashirika mpaka unachoka. Wengi wenu mna bajeti ya afya ya wanawake. Mwaka huu pesa za nje zimepungua, twajua, tangu Marekani ifunge mfereji wake. Lakini ombi hili si jengo wala gari. Ni mafunzo ya wauguzi wachache wa zone za afya za Ibanda, Kadutu na Bagira, daftari, kadi, na mfuko mdogo wa kulipia vipimo vya wale walioandikwa. Madaktari wakuu wa zone, ninyi mnaweza kuweka maswali matatu kwenye fishi ya CPN bila kungoja mfadhili. Mitueli za afya, hesabuni: kipimo cha mwaka cha mwanachama mmoja na matibabu ya kidonda kilichochelewa, kipi kinawafilisi? Wachungaji, mapadri na maimamu, mkisema mara moja tu juu ya mimbari kwamba ziwa linaweza kuugua bila mtu kurogwa, mtaokoa pesa nyingi na roho nyingi.

Na ninyi wanaume msikae pembeni. Wengi wa wanawake niliozungumza nao wanaogopa mume kuliko ugonjwa: atasema nini wakikata ziwa? Mwambie leo, kabla hujaulizwa, kwamba ulimuoa yeye mzima.

Yule mama wa Minova nilimpata tena Jumatatu. Nilikuwa nimempata muuguzi mmoja mwenye moyo, aliyekubali kumpima bila kumuuliza kwa nini haumwi. Tulipanda moto wawili, mimi na yeye, tukapimwa wote siku moja, mmoja baada ya mwingine. Yeye hakukutwa na kitu. Ameambiwa arudi kwa ekografia, na tunatafuta pesa yake. Mimi nilikuwa na kitu kidogo upande wa kulia. Ekografia ilisema ni mfuko wa maji tu, nirudi baada ya miezi sita. Usiku kati ya mkono wa muuguzi na ile ekografia sikulala.

Kadi hatukupewa, haipo bado. Muuguzi alituandikia kwenye karatasi ya daftari, yangu na yake. Yangu nimeianza na jina la koko, halafu la mama yangu mdogo, na umri wake: 36. Binti zangu wakikua hawataisikia kwenye matanga.